Nina digrii ya masoko na ajensi hazinijibu. Tatizo ni mimi, ni Mombasa, au ni kazi yenyewe?

#1 Mwana_Tudor
Salamu wanajukwaa. Nimemaliza digrii ya masoko hapa hapa Mombasa na nataka kazi kwenye kampuni za matangazo. CV nimetuma kwa kila ajensi niliyoipata mtandaoni, za Nairobi na hizi chache za kwetu. Majibu mengi ni ya mashine: "tumepokea maombi yako". Wachache walionipigia simu wote waliuliza swali moja: tuonyeshe kazi zako. Kazi gani, na mimi ndiyo naitafuta?

Rafiki yangu asema nihamie Nairobi, nilale kwa binamu yake Umoja, nizunguke Westlands na Kilimani ofisi kwa ofisi. Mamangu asema nitulie, kuna nafasi ya kuuza sabuni madukani kwa kamisheni. Mimi dai langu ni hili, na mnipinge kama naongopa: mtu wa Mombasa hapati kazi ya matangazo akiwa Mombasa. Nani hapa amepata, na alipitia mlango gani?

#2 Kahawa_Tungu
Ya sabuni ichukue. Ukiikataa nipe mimi.

#3 Dada_Kizingo
Karibu mdogo wangu. Mimi niko Nairobi, upande wa akaunti, ila kwetu ni Kuze. Kabla hatujailaumu Mombasa, wataka kazi ipi? Umeandika "kazi kwenye kampuni za matangazo" utadhani ni kazi moja. Ukituma barua hivyo, anayeipokea hajui akupeleke kwa nani, na mezani ana kazi ya mteja inayotakiwa kabla ya jioni. Anaifunga.

Kuna watu wa akaunti, tunaokaa katikati ya mteja na wabunifu. Tunapokea brifu, yaani maelezo ya mteja ya anachotaka, tunafuata idhini, tunatukanwa na pande zote mbili. Kuna wa mkakati, ambao swali lao ni kwa nini mtu anunue hiki aache kile. Kuna kopiraita, anayeandika maneno ya tangazo, na dizaina, anayelichora. Kuna wapangaji wa midia: redio gani, saa ngapi, kwa pesa ngapi. Kuna trafiki, anayejua kila kazi imekwama kwa nani. Halafu wa dijitali, wanaotupiwa kila kisichokuwa na mwenyewe. Digrii yako yafaa kwa akaunti, mkakati na midia. Kwa kopi na dizaina hatuifungui kabisa, tunafungua potifolio, mkusanyo wa kazi ulizofanya.

Chagua moja. Iandike juu kabisa ya barua.

#4 Mzee_wa_Makupa
Dada, umesema vyema lakini mimi siko nawe. CV si tatizo. Yakhe, toka Changamwe uje Makupa, ukamate hadi Nyali, utazame mabango. Benki, simu, rangi, unga. Hapa Mombasa bango labandikwa tu. Lilifikiriwa Nairobi, likaidhinishwa Nairobi, saa nyingine Johannesburg au Dubai. Kilichobaki kwetu ni mwenye ngazi na mwenye kulipia leseni ya kaunti.

Kampuni ambazo wakubwa wake wako hapa ni za bandari, forodha, chai, saruji, hoteli. Mwenye kuondosha makontena atatangaza nini kwenye runinga, na wateja wake awajua kwa majina mpaka watoto wao? Hoteli ndizo zilizokuwa tegemeo letu: brosha, kalenda, picha za bwawa. 2020 zikafunga, na zilipofungua zilikuwa zimezoea kumtumia kijana mmoja mwenye simu.

Na kuna jambo vijana hamkulikuta. Zamani ajensi iliishi kwa kamisheni. Mteja akilipia tangazo gazetini au redioni, asilimia 15 yabaki kwa ajensi. Kwa pesa hiyo hata kijiofisi cha ghorofani Moi Avenue kiliweza kuajiri mchoraji na mwandishi. Sasa mwenye hoteli anunua matangazo ya Facebook na Google mwenyewe, kwa kadi, usiku akiwa kitandani. Kamisheni ya nani hapo?

#5 Mpwa_wa_Likoni
Mzee na Dada mnazunguka. Ni kujuana tu. Mimi niliitwa mahojiano na ajensi moja, sitaitaja. Wakanipa mtihani: buni kampeni ya kinywaji kwa vijana wa Pwani. Nikakesha. Nikawapa wazo, maneno, hata michoro ya tuktuk zilizopakwa rangi. Kimya. Baadaye niko foleni ya feri naona tuktuk imepakwa vile vile, maneno yamebadilishwa kidogo tu. Aliyepewa ile nafasi nikaja kujua ni mtoto wa rafiki wa mkubwa wao.

Kwa hiyo Mwana_Tudor, usijiulize umekosea wapi.

#6 Kahawa_Tungu
Mpwa ulipanda hiyo tuktuk ama uliisusia?

#7 Mpwa_wa_Likoni
Nilipanda. Mvua ilikuwa kubwa.

#8 Dada_Kizingo
Mpwa pole. Siwezi kusema hayatokei. Ila wengine wanaosoma washike hili: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hailindi wazo likiwa tupu, inalinda lilivyoandikwa, lilivyochorwa au kurekodiwa. "Tupake tuktuk rangi" si mali ya mtu. Mchoro wako na maneno yako ni mali yako. Mtihani ukipewa, tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, weka jina lako kila ukurasa, peleka PDF na si faili inayofunguka kuhaririwa. Na usimalize kazi! Onyesha njia uliyofikiria na mfano mmoja. Ajensi yenye nia njema yataka kuona unavyofikiri. Ikidai kampeni nzima tayari kwa kuchapishwa, bila malipo, hiyo si nafasi ya kazi.

Kuhusu kujuana: ndiyo, kupo. Lakini kujuana kwetu mara nyingi si kwa ukoo. Dizaina akiondoka leo, swali la kwanza ofisini ni "nani anajua dizaina?" Anayetajwa ni yule aliyefanya kazi na mmoja wetu mahali.

#9 Stima_Imepotea
Tusidanganyane, huu ni mchezo wa wenye mtaji na wasomi wa vyuo vikubwa. David Ogilvy, yule gwiji wa matangazo, alitoka Oxford na digrii yake akafungua kampuni London. Scangroup, kampuni ya matangazo ya hapa Kenya, waliingia soko la hisa mwaka mmoja na Safaricom. Sasa kijana wa Tudor ataingilia wapi?

#10 Mwalimu_Ganjoni
Stima_Imepotea, umeparaganya. Scangroup iliingia Soko la Hisa la Nairobi 2006, Safaricom ikafuata 2008. Na Ogilvy alitoka Oxford bila digrii. Akafanya kazi jikoni kwenye hoteli Paris, akauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba Uskoti, akaenda Marekani akafanya utafiti wa maoni kwa Gallup. Ajensi alifungua 1948, tena New York. Alikuwa anakaribia miaka arobaini.

Ukimleta huyo kama ushahidi basi anamtetea mama yake Mwana_Tudor. Aliyeuza jiko mlangoni kwa watu ndiye aliyejua kwa nini mtu hununua jiko.

#11 Kahawa_Tungu
Nilisema tangu posti ya pili. Nadai asilimia 15 yangu.

#12 Stima_Imepotea
Sawa Mwalimu, tarehe nimepokea. Hoja yangu kuhusu mtaji iko pale pale. Ogilvy hakuhitaji kukopa nauli ya kwenda Westlands.

#13 Malkia_wa_Kongowea
Nasoma tangu mwanzo nacheka tu, manake mimi sina digrii na nafanya hii kazi hapa hapa Mombasa. Nilianza na jirani yetu anayeuza viatu vya mtumba Kongowea. Alikuwa anabonyeza kile kitufe cha kukuza posti Facebook, kila wikendi anachoma pesa, anapata mioyo na vidole gumba kutoka kwa watu wa Kisumu na Eldoret. Viatu havitoki.

Nikamwambia nipe hizo hizo hela. Kwanza nikaacha kile kitufe, nikaingia kwenye ule ukurasa wa Facebook wa kupangia matangazo, Ads Manager. Lengo nikaweka ujumbe wa WhatsApp badala ya kupendwa. Eneo nikafunga kisiwani, Nyali, Kisauni, Bamburi, basi. Picha nikapiga kiatu kimoja kimoja juani, upande wa soli uonekane, kwa sababu mnunuzi wa mtumba aangalia soli kwanza. Saizi na bei nikaandika ndani ya picha. Zile "njoo inbox kwa bei" nikazipiga marufuku. Kila anayeandika nikamwingiza kwenye daftari: ameuliza, amekuja, amenunua.

Wiki ya kwanza waulizaji walipungua. Jirani akaniona nimemharibia. Lakini waliouliza wakawa wanakuja kweli na miguu yao. Daftari lile ndilo nililomwonyesha mteja wa pili, mwenye saluni Bamburi, na wa tatu, mwenye nyumba za kupangisha wageni Mtwapa. Hakuna aliyeniuliza nilisoma wapi.

Ajensi ya nini?

#14 Mwana_Tudor
Malkia, hiyo ndiyo potifolio wanayonidai? Picha za viatu?

#15 Dada_Kizingo
Hiyo ni potifolio bora kuliko nyingi ninazoletewa, wallahi. Vijana wananitumia nembo za kubuni za Coca-Cola na Nike ambazo hakuna aliyewaagiza. Mtu anayetaka midia au dijitali akiniletea ukurasa mmoja: hali ilikuwa hivi, nikafanya hivi kwa sababu hii, daftari likasema hivi, huyo namwita kesho. Na aseme pia kilichoshindikana, kama Malkia alivyosema waulizaji walipungua. Hapo ndipo namwamini.

Kwa wa kopi na dizaina: tafuteni mwenzio. Toka enzi za Bill Bernbach na ajensi yake DDB ya New York, 1949, mwandishi na mchoraji hukaa meza moja wakafikiri pamoja. Kabla ya hapo mwandishi alimaliza maneno yake, karatasi ikapelekwa kwa mchoraji aipambe. Ajensi bado zapenda kuajiri wawili wanaoelewana. Mwana_Tudor kama waweza kuandika, pale chuoni kwenu hakosekani anayechora.

Ila Malkia, "ajensi ya nini" nakukatalia. Wewe una wateja wa kiwango fulani. Siku mteja ataka redio, mabango, maonyesho ya barabarani na mtandao kwa pamoja, kaunti sita, utahitaji watu.

#16 Malkia_wa_Kongowea
Siku hiyo nitawaajiri nyinyi.

#17 Sauti_Kavu
Mmesahau wanaoishi kwa sauti. Mimi nasoma matangazo ya redio, nimefanya na vituo vya hapa na studio za Nairobi. Wapwani tunaitwa, lakini tunaitwa mwisho. Kampeni imeshafikiriwa kwa Kiingereza, imeidhinishwa, imebaki siku moja, ndipo mtu akumbuke "kuna redio ya Kiswahili pia". Napewa karatasi ya sekunde 30 ambayo imetafsiriwa neno kwa neno na mtu aliye na haraka. Ukiisoma kwa mwendo wa binadamu inagonga sekunde 42. Basi mtayarishaji aniambia nikimbie. Nakimbia, msikilizaji hasikii kitu, na mteja asema redio za Pwani hazileti wanunuzi.

Sekunde 30 za Kiswahili kinachopumua ni maneno 55 hadi 60, si zaidi. Hesabuni wenyewe.

Kwa hiyo sababu yangu mimi ni hii: watupa kazi ya mdomo, hawatupi ya kichwa. Anayelipwa vizuri ni aliyekuwa chumbani wazo lilipozaliwa.

#18 Mzee_wa_Makupa
Sauti_Kavu umenigusa kidonda. Na ajabu ni kwamba kichwa chenyewe kiko hapa. Nenda Biashara Street kwa Kaderdina Hajee Essak, wale wa leso za Mali ya Abdulla, wapo tangu 1887. Leso yaweza kuwa na pindo zuri na mji mzuri, lakini jina, yale maneno yaliyoandikwa, likiwa limepoa yakaa rafuni. Mama asoma kwanza, ndipo ashike kitambaa. Maneno manne, matano, matusi yamo na heshima imo, na kila anayesoma adhani kaandikiwa jirani yake. Nionyesheni kopiraita wa Westlands awezaye hilo.

#19 Mwalimu_Ganjoni
Mzee, nakubali, ila mwandishi wa jina la leso hajulikani na hana potifolio. Ndiyo shida ya hapa kwetu nzima. Kazi nzuri ipo, mwenyewe haandiki jina.

#20 Hesabu_Zangu
Mimi ni mhasibu, nawafanyia vitabu watu kama Malkia. Kabla hamjamsifu sana kijana ajitegemee, mwambieni na upande wa pili. Tangu Januari 2024 kampuni ikitaka malipo yako yahesabike kama gharama zake lazima uipe ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, mamlaka ya ushuru. Huna? Mhasibu wao atakurudisha mlangoni, hata kama mkurugenzi amekupenda. Malipo ya kitaalamu yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mteja anakata asilimia 5 anaipeleka KRA. Hiyo hujaibiwa, ni kodi yako imetangulia, dai cheti chake uitumie unapopeleka ritani. Vijana wengi hawajui, wanagombana na wateja bure.

Kisha kusubiri. Kampuni kubwa zinalipa baada ya siku 60, 90. Wewe Facebook umeilipa leo kwa pesa zako. Nimeona mtu ana wateja wazuri na hana kodi ya nyumba. Sharti lako liwe: pesa ya matangazo inatoka kwa mteja moja kwa moja, kwa kadi yake, wewe unalipwa ufundi.

Anayetaka zabuni za kaunti na serikali aangalie cheti cha AGPO, mpango ambao asilimia 30 ya manunuzi imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kulipwa kwa wakati ni hadithi nyingine.

#21 Malkia_wa_Kongowea
Hesabu_Zangu hapo kwa kadi ya mteja umenena. Nimejifunza kwa machozi.

#22 Mpwa_wa_Likoni
Asilimia 30 hiyo nayo ni kujuana.

#23 Kahawa_Tungu
Mpwa kwako hata mvua ni kujuana.

#24 Nyota_Mtwapa
Naona wote mnajibu swali la miaka kumi iliyopita. Nilikuwa dizaina kwenye ajensi Nairobi, timu yetu ilipunguzwa, nimerudi nyumbani. Kazi zenyewe zinaisha. Mabenki na kampuni za simu zinajenga timu zao ndani. Bidhaa za vijana pesa zinaenda kwa wachekeshaji wa TikTok, mteja anampigia mchekeshaji mwenyewe. Zile za kubadilisha saizi za bango na kuandika maelezo ya posti, ambazo ndizo mwanagenzi alikuwa anaanzia, sasa mashine inafanya dakika mbili.

Tena ajensi zenyewe zilining'inia kwenye wateja wachache. Aprili 2025 bodi ya kamari iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kuna watu nawajua walikaa ofisini wanatazamana. Kabla yao ilikuwa sigara, Sheria ya 2007 ikafunga. Mteja mkubwa akiguswa na sheria, wa kwanza kufungasha virago ni mwanagenzi.

#25 Dada_Kizingo
Nyota, kuhusu wanagenzi una haki, na inaniuma. Tunachukua wachache kuliko zamani. Lakini zile timu za ndani ya mabenki si zinaajiri? Mwana_Tudor anaweza kuomba huko pia. Na watu wa akaunti bado twatafutwa, mashine haijajua kumbembeleza mteja aliyekasirika saa mbili usiku.

#26 Nyota_Mtwapa
Ipe muda.

#27 Mwana_Tudor
Nimesoma zote. Asanteni. Nimechagua kopi, naona ndiko moyo uliko. Lakini bado sijui nihamie ama nibaki. Mzee asema pesa iko Nairobi, Malkia asema haijalishi, Nyota amerudi kutoka huko huko.

#28 Mzee_wa_Makupa
Maneno mengi. Wasema wataka kopi, hebu tuone. Redio, sekunde 30. Mteja ni fundi wa friji Kisauni. Hana pesa ya muziki, sauti mbili tu. Watu wake ni kina mama wauzao barafu, juisi na samaki. Yeyote ajaribu.

#29 Mwana_Tudor
"Je, umechoka na friji inayoharibika mara kwa mara? Usiwe na wasiwasi! Suluhisho limefika! Mafundi wetu waliobobea watakupa huduma bora, ya haraka na kwa bei nafuu. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu. Tupigie leo!"

#30 Kahawa_Tungu
Nimelala kwenye "waliobobea".

#31 Mzee_wa_Makupa
Mwanangu, toa friji weka gari. Toa gari weka godoro. Weka bima. Tangazo bado lasimama, ama silo? Basi si la fundi huyu. Na huyo mama hakuchoka na friji. Friji ikizima asubuhi, mtaji wake waoza kabla ya magharibi. Anza hapo.

#32 Malkia_wa_Kongowea
Mimi si kopiraita lakini namjua huyo mama.

MTOTO: Nipe barafu ya ukwaju.
MAMA: Barafu hakuna. Kuna juisi.
MTOTO: Nipe juisi ya baridi.
MAMA: Ya baridi hakuna. Kuna juisi.
MTOTO: Basi mama kasema nipe samaki.
MAMA: (kimya kidogo) Samaki... mwambie mamako aje kesho.
MAMA: Friji ikigoma asubuhi, jioni huna mtaji. Fundi wa Kisauni anakuja siku hiyo hiyo.

#33 Sauti_Kavu
Hii naisoma bure. Nimeipima kwa simu, sekunde 29 na ule ukimya wa samaki umo. Usiuguse ule ukimya.

#34 Dada_Kizingo
Malkia! Njoo Nairobi.

#35 Malkia_wa_Kongowea
Niletee Nairobi hapa.

#36 Hesabu_Zangu
Nzuri sana lakini nambari ya simu iko wapi? Redioni unaisoma mara mbili, na kila mara inakula sekunde tano. Hapo mumevuka.

#37 Sauti_Kavu
Nambari ya redio nani huiandika, na mikono ina samaki? Taja mahali. Jirani na nini, mkabala na nini. Kisauni wote wataulizana.

#38 Mwalimu_Ganjoni
Sikubaliani. Mama wa Bamburi hawezi kuuliza Kisauni, na naye ana friji. Kata mtoto wa juisi uweke nambari.

#39 Mzee_wa_Makupa
Ukikata juisi umeua samaki. Inakwenda kwa tatu: barafu, juisi, samaki.

#40 Mwana_Tudor
Na kama fundi mwenyewe ndiye mnunuzi wa pili? Yaani mtoto aondoke, fundi aje anunue juisi ya moto, ainywe, aseme nionyeshe hiyo friji. Jina la duka lake alitaje yeye. Nambari mara moja mwishoni.

#41 Mzee_wa_Makupa
Ahaa. Iandike yote, uilete hapa ikiwa na sekunde zake.

#42 Mpwa_wa_Likoni
Jamani, ami yangu ana duka la kutengeneza friji kweli, Kisauni, ndani kidogo. Nimemsomea #32 amecheka mpaka kikohozi. Auliza anaweza kuitumia?

#43 Dada_Kizingo
Mwambie Malkia ana hakimiliki, maneno yameshaandikwa. Alete LPO, oda rasmi ya ununuzi.

#44 Hesabu_Zangu
Na PIN ya KRA.

#45 Mpwa_wa_Likoni
Asema LPO hajui ni nini, ila atamjazia Malkia gesi ya friji.

#46 Malkia_wa_Kongowea
Friji yangu iko sawa. Aniulizie ya mama mkwe, inavuja maji chini, hiyo ni gesi ama ni kitu gani?

#47 Kahawa_Tungu
Maji chini si gesi, ni kile kitundu cha nyuma kimeziba. Chukua waya laini na maji ya vuguvugu. Zima stima kwanza.